Kanzu na Usukani: Barua kwa Mjomba kutoka Nagoya

Mjomba wangu mpenzi,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa mkaza mjomba, na kwa jamaa wote wa barazani hapo Kuze, waliokaa na waliosimama wakingojea zamu yao ya kahawa, nakuarifu kwamba mimi ni mzima wa siha, sina hofu ila ya kwenu. Waraka wako umenifikia, na maswali yako mawili nimeyasoma zaidi ya mara moja: la kwanza, kama ni kweli kwamba madereva wa Japani hawapigi honi, na la pili, kama zile habari zilizofika barazani, kwamba huku mtu wa dini alitozwa faini kwa kuendesha gari hali amevaa joho lake, ni habari za kuaminika, au ni katika zile hekaya ambazo wazee wenzako huzihifadhi kwa ajili ya kupitishia alasiri. Swali la kwanza halina maneno mengi. Honi ipo, na hupigwa, lakini hupigwa kwa haya, kama mtu akohoaye msikitini. La pili ndilo litakalo wino, na kwa kuwa leo mvua imenizuia ndani, nitakujibu kwa wasaa.

Lakini kabla sijafika kwa huyo mtu wa dini, yanipasa nikiri yangu, kwa sababu najua ya kwamba hata nisipoyasema mimi yatasemwa na wengine, na watakaoyasema watayatia chumvi. Leseni yangu ya Kenya, niliyoipata baada ya wewe kunifundisha katika matatu yako kati ya Mwembe Tayari na Kisauni saa ambazo abiria ni haba, huku haikuhesabiwa kuwa ithibati ya kutosha. Watokao katika nchi fulani fulani hubadilishiwa leseni kwa kuonyesha hati zao na kupimwa macho. Sisi hatumo katika daftari hilo, kwa hiyo hutahiniwa. Wakati wangu maswali ya karatasi yalikuwa kumi tu, ya ndiyo au siyo, nami niliyamaliza kabla jirani yangu hajatulia kitini. (Tangu Oktoba 2025 yamefanywa 50, na mwenye kukosa zaidi ya matano hurudi kwao, nashukuru kwamba niliwahi.) Baada ya hayo huja mtihani wa uwanjani, ambako kila mtu hupewa alama 100 kabla hajagusa chochote, kisha hupunguziwa alama kwa kila kosa, na anayebakiwa na 70 ndiye aliyefaulu. Ukitafakari utaona kwamba ni hesabu ya kutisha kuliko ya shule zetu, maana kwetu mtu huanza fukara akachuma, na huku huanza tajiri akafilisika mbele ya macho yake mwenyewe.

Siku ya kwanza sikufika hata kwenye gari. Mtahini, mzee mpole aliyechana nywele kwa maji, alinitazama usoni, akazitazama karatasi zangu, kisha macho yake yakateremka polepole, yakapita kifuani, yakapita magotini, mpaka yakafika miguuni, na huko yakatua. Nilikuwa nimevaa makubadhi yale uliyonizawadia siku ya safari, yenye nakshi za uzi mwekundu, ambayo kwa hakika yalikuwa ndiyo kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwapo uwanjani siku hiyo, pamoja na magari. Mzee akainama kidogo, kwa heshima ambayo kwetu huwekewa mfiwa, akasema maneno marefu ambayo mkalimani wangu aliyafupisha hivi: viatu hivi ni vizuri sana, lakini leo havitaendesha gari. Nikarudi nyumbani kwa treni.

Siku ya pili nilivaa viatu vya kamba, nikafungua mlango, nikaketi, nikajiona nimetimia. Kumbe nimekwisha kupoteza alama kabla ya kuwasha moto, kwa kuwa sikulizunguka gari wala kuchungulia uvunguni kuhakikisha kwamba hapana mtoto wala paka. Nilipokata kushoto nilitazama kioo tu, na kichwa changu hakikugeuka kutafuta mwenye baiskeli ambaye yamkini angekuwa ubavuni. Hapakuwa na baiskeli uwanja mzima, lakini hiyo haikuwa hoja. Siku ya tatu nilianguka penye alama ya kusimama, ambayo huku ni pembetatu nyekundu iliyopinduliwa. Nilisimama kama tusimamavyo sisi pale Buxton, yaani nia ilisimama, magurudumu yakaendelea. Siku ya nne nilizunguka, nikachungulia, nikageuza shingo kila upande kama kuku aliyesikia mwewe, nikasimama hata mtahini akanitazama kwa shaka kama nimelala, na penye njia ya reli nikashusha kioo na kutega sikio kama mtu asikilizaye adhana ya mbali. Nikafaulu. Nimeandika habari hii kwa urefu ili ujue kwamba mwanafunzi wako hakukuaibisha zaidi ya mara tatu.

Hayo ya makubadhi yalinitia hamu ya kudadisi. Sheria kuu ya barabara ya nchi hii ni ya mwaka 1960, nayo imeuachia kila mkoa ujitungie kanuni zake ndogo ndogo, na katika kanuni hizo ndogo ndimo miguu ya madereva ilimotajwa. Tokyo, kwa mfano, imemkataza dereva kuvaa viatu vya mbao viitwavyo geta na vinginevyo vya namna hiyo. Sasa, mjomba, geta ni nini? Geta ni mtalawanda. Ni ule ule mtalawanda wa marehemu bibi, uliokuwa ukilia koo, koo, koo uani kila alfajiri hata tukajua kwamba sasa anakwenda kutia udhu. Tofauti ni kwamba wetu una kijiti cha kubanwa kwa vidole, na wao una ukanda, tena chini yake una meno mawili ya ubao yanayomwinua mvaaji juu ya matope. Nilipouona kwa mara ya kwanza miguuni pa mzee mmoja, siku ya sikukuu yao ya kiangazi, machozi yalinilengalenga. Ama kuhusu kanuni yenyewe, siwezi kuilaumu. Mwenye mtalawanda haisikii breki. Husikia ubao tu, na ubao hausemi kweli.

Basi tumfikie mtu wa dini. Ni kweli, mjomba, wala hawakukudanganya. Mkasa ulitokea Septemba 2018 katika mkoa wa Fukui, ulio ng'ambo ya milima kaskazini ya hapa, upande wa Bahari ya Japani. Mtawa mmoja wa dini ya Buddha, mtu wa makamo, alikuwa akienda katika shughuli ya kuwasomea marehemu wa watu, hitima kwa lugha yetu, naye amevaa joho la kazi yake kama ilivyo ada, na askari wakamsimamisha. Kanuni ya Fukui wakati ule haikutosheka na mitalawanda na sapatu. Ilitaja pia mavazi yanayoweza kumtatiza dereva. Askari waliona kwamba mikono ya joho, ambayo huning'inia kama tanga lisilo upepo, ingeweza kunasa, na kwamba pindo lilimbana miguu asiweze kuipeleka atakako kwa wepesi. Wakamwandikia yeni 6,000. Mtawa akakataa kulipa. Alisema kwamba hayo ndiyo mavazi yake ya kazi, na ikiwa mtu wa dini hawezi kwenda kazini kwa mavazi ya kazi, basi na afahamishwe avae nini.

Nchi ambayo watu wake hungoja taa ya kijani usiku wa manane, barabara tupu, hata mbwa hapiti, ilishangaa kusikia kwamba mtu amekataa kulipa faini. Na aliyekataa si mhuni, ni mtawa. Lakini lililonifurahisha ni lile lililofuata. Mwisho wa mwaka ule habari zilipoenea, watawa wenzake wa pande mbalimbali za nchi hawakutosheka na kunung'unika. Walivaa majoho yao kamili, wakajipiga picha za video katika viwanja vya mahekalu yao, wakazitandaza kwenye intaneti ili kila mwenye macho ashuhudie kwamba joho halimfungi mtu. Mmoja aliruka kamba, tena ile ya kupitisha kamba mara mbili chini ya nyayo kwa mruko mmoja. Mwingine alirusha mipira angani na kuidaka bila kuangusha hata mmoja. Na nyuso zao zote wakati huo zilikuwa zimetulia kwa heba, kama watu wasomao dua. Nimesoma katika maisha yangu barua nyingi za malalamiko kwa serikali, na baadhi yake niliziandika mimi kwa niaba ya baraza lenu kuhusu ule mtaro, lakini sijaona hoja iliyopelekwa mbele ya wakubwa kwa kuruka kamba. Nayo ilisikilizwa. Mwisho wa Januari 2019 polisi walitangaza kwamba hawataendelea na shauri lile, na baadaye mkoa ukaliondoa neno la mavazi katika kanuni yake. Mitalawanda ilibaki imekatazwa. Hapana aliyejaribu kuruka kamba nayo.

Hebu sasa ufikiri, mjomba, kama askari wa Makupa wangepewa kanuni ya namna ile siku ya Ijumaa saa sita na nusu. Nani angebaki barabarani? Labda wewe peke yako, kwa kuwa siku zako za kazi ulikuwa ukiukunja upindo wa kanzu na kuukalia, hata wewe mwenyewe ulikuwa ukisema kwamba kanzu isiyokaliwa ni abiria asiye na nauli.

Na nisikufiche kwamba nilipoisoma habari hiyo ya Fukui ndipo nilipokumbuka mwaka 2004, zilipoanza kutumika zile kanuni za matatu za Waziri wa Uchukuzi, Michuki, na baraza zima likaapa kwamba mwisho wa dunia umekaribia kwa sababu dereva wa matatu amelazimishwa kuvaa samawati iliyokoza na utingo kuvaa rangi ya damu ya mzee. Wewe ulilalama kwamba umerudishwa skuli ukiwa na wajukuu. Sare yako, kama nakumbuka sawasawa, ilikuwa na kazi ya kuning'inia nyuma ya kiti, na iliteremka mwilini pale tu kofia ya askari ilipochomoza. Na nilistaajabu siku zote jinsi mtu wa kimo chako alivyoweza kuingiza mikono miwili katika shati na huku gari linakwenda, ustadi ambao ungewashinda hata watawa wa Fukui. Nayo mikanda mipya ya viti, iliyoletwa na kanuni zile zile, kama utakumbuka, ilipata vumbi kwa wiki mbili tu, hata wanawake wakawa wanatanguliza leso kifuani kabla ya kujifunga ili buibui lisichafuke. Tulicheka sana. Sikukumbuka, wakati tulipokuwa tukicheka, kwamba mwaka ule ulikuwa wa kwanza nilioona mkaza mjomba akilala kabla hujarudi nyumbani.

Turudi huku. Sheria ya Japani haikuishia kumtazama dereva alivyovaa; inamtazama pia yule mtembea kwa miguu, nayo inamtazama kwa huruma. Mwezi wa sita ndio masika yao, na siku moja, nikiwa mgeni bado, nilikuwa nikitembea kando ya barabara nimevaa kanzu, natoka katika mwaliko wa Ijumaa, mara nikaona mbele yangu kidimbwi cha maji na gari linakuja. Nilifanya lile ambalo kila mtoto wa Mombasa hulifanya bila kufikiri: nikaipandisha kanzu mpaka magotini kwa mikono miwili, nikajibanza ukutani, nikafumba macho nikitaja jina la Mola. Nikangoja. Halikuja tone. Nilipofumbua macho gari lilikuwa limepunguza mwendo hata linakwenda kama bi harusi apelekwaye ukumbini, na dereva, alipolingana nami, akaniinamia kichwa kuniomba radhi kwa maji ambayo hakunirushia. Ng'ambo ya pili walikuwa wamesimama watoto wa shule, darasa la kwanza, na kofia zao za manjano ambazo huvishwa ili madereva wawaone kwa mbali, wote wamekodoa macho kumtazama mzee wa kigeni aliyesimama mvuani akionyesha magoti.

Baadaye nikaambiwa kwamba kumrushia mpita njia maji ya matope ni kosa la barabarani, limeandikwa waziwazi katika sheria, na kwa gari la kawaida faini yake ni yeni 6,000. Umeiona hesabu, mjomba? Ni zile zile 6,000 za mtawa. Nguo ikiwa ndani ya gari, imevaliwa na dereva, yashukiwa kuwa adui. Nguo hiyo hiyo ikiwa nje, imevaliwa na mtembeaji, yalindwa kama yatima. Na bei ya shuku na ya ulinzi ni moja. Kadhi gani mwingine angeweza kupima kwa mizani iliyo sawa namna hiyo?

Hata magari yenyewe huvishwa. Lile jani la rangi mbili, manjano na kijani, ulilolikuta limebandikwa kwenye Probox uliyonunua bandarini, na ukawaambia watu kwamba ni nembo ya ubora kutoka kiwandani, lilikuwa ni tangazo kwamba dereva wake wa kwanza alikuwa mwanagenzi ambaye hajatimiza mwaka tangu apate leseni. Nisamehe kwa kukuvunjia siri hiyo. Nafikiri tayari umekwisha kuliuza gari. Wazee nao, waliofika miaka 75, waliwekewa jani lao tangu 1997, nalo lilikuwa na rangi ya chungwa na manjano, kama jani la vuli likaribialo kuanguka. Wazee wakaghadhibika, wakauliza kama serikali imekusudia kuwaarifu tarehe ya kuzikwa. Mwaka 2011 wakabadilishiwa, wakapewa la majani manne yenye rangi nne, ambalo ni fali njema. Madereva wa teksi, kwa upande wao, huvaa suti, na wengi huvaa glavu nyeupe pepepe kama wapiga tarumbeta wa gwaride, na mlango wa abiria huufungua wao wenyewe kwa mtambo wakiwa wamekaa. Mara yangu ya kwanza niliushika mlango huo kwa nguvu, tukavutana, mimi na mtambo, na mtambo ukashinda.

Usije ukawaza barazani kwamba huku wote ni malaika. Mwaka 1970 barabara za Japani ziliua watu 16,765, hata wenyewe wakaita hali hiyo vita vya barabarani. Lakini mwaka 2022 waliokufa walikuwa 2,610, idadi ambayo kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 120 ni ndogo. Nilipokwenda Tokyo niliona, nje ya vibanda vya polisi vya mitaani, ubao ulioandikwa hesabu ya waliokufa na walioumizwa jana yake katika mji mzima, na watu wakipita huutupia jicho kama sisi tutupiavyo jicho bei ya samaki. Mji wangu huu wa Nagoya ndio unaotiwa dosari. Mkoa wetu wa Aichi, mkoa ule ule ambamo Toyota ilizaliwa, uliongoza nchi nzima kwa vifo vya barabarani miaka 16 mfululizo mpaka 2018, na kuna msemo maalumu wa kuutaja uendeshaji wa watu wa Nagoya, ambao hukata njia bila kuashiria na kuikimbiza taa ya manjano hata inapokuwa nyekundu. Niliposikia sifa hizo moyo wangu ulitulia, nikajua kwamba nimefikia mahali nitakapoelewana na watu.

Sasa nimalizie kwa Idi. Siku mbili kabla ya Idi niliingiwa na wasiwasi: je, niende msikitini kwa gari hali nimevaa kanzu, au nisiende hivyo? Kanuni ya Fukui ilikwisha kurekebishwa, lakini mimi siishi Fukui, na kumuuliza askari kama kanzu yangu ni halali niliona ni kuamsha simba aliyelala. Nikaamua kujipatia ithibati mwenyewe kwa njia ya watawa. Nikanunua kamba ya watoto, nikavaa kanzu ile nyeupe ya darizi uliyonishonea kwa fundi wa Bondeni, nikatoka nyuma ya nyumba pale tunapoegesha magari, nikatia nia, nikaruka. Mruko wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulikuwa mzuri. Katika wa tatu niliingiwa na kiburi, nikataka kuipitisha kamba mara mbili, na hapo nikasikia sauti ambayo kila mvaa kanzu huijua na kuichukia, na upepo wa baridi ukaniingia kutoka kisiginoni mpaka pajani. Bibi mmoja jirani, mwenye miaka kama 80, alikuwa akimwagilia maua yake. Aliweka kopo chini, akaingia ndani, akatoka na sindano na uzi mweupe, akaviweka juu ya ukuta unaotutenga, akainama, akarudi kwa maua yake bila kusema neno.

Kanzu imeshonwa, lakini mshono ni wangu, na waonekana. Siku ya Idi nilivaa suruali na shati, nikaikunja kanzu vizuri nikaiweka katika kiti cha kando, juu yake nikapakia kikapu cha tende na sinia la mahamri nililokuwa nikipeleka kwa jamaa. Nilipowasha gari lilianza kulia, tii, tii, tii, likinung'unika kwamba abiria wa kushoto hakujifunga mkanda. Nikaondoa sinia, likanyamaza, nikalirudisha, likalia. Mwisho nikauvuta mkanda, nikaifunga kanzu pamoja na tende na mahamri, na hivyo tukaondoka, mimi na kanzu, bega kwa bega. Penye taa nyekundu akasimama kando yetu askari wa pikipiki. Akanitazama mimi, akaitazama kanzu iliyofungwa mkanda, akaitazama tena kwa muda mrefu, kisha akaiinamia kichwa.

Nakuomba, mjomba, unishonee nyingine. Kipimo kile kile cha bega na mikono, ila mwambie fundi pindoni aongeze upana wa shubiri moja kila upande. Magari ya huku huja huko kwa maelfu, wala hapana hata moja lirudilo, kwa hiyo umtafute msafiri.

Wasalaam.

Ni mimi mpwa wako,
Nagoya